Dini Yako Imepewa Dakika Ngapi?

Wenzangu hulipia king'amuzi ili watazame mpira. Mimi nalipia ili nitazame filamu za kuelimisha, na adhabu yake naipata. Majirani zangu wa Tandika wakisikia nina kitu kinachohusu dini hawangoji mwaliko. Wanabisha hodi huku wameshaingia, na viti wamekuja navyo.

Kilichowaleta safari hii ni The Story of God, mfululizo wa National Geographic ulioanza kuonyeshwa mwaka 2016. Morgan Freeman anazunguka dunia akiwauliza watu wanaamini nini na kwa nini: juu ya kifo, juu ya mwisho wa dunia, juu ya uumbaji, uovu na miujiza. Ni mambo ambayo mtu mzima anapaswa kuyatazama kimya.

Ukimya haukufika hata dakika ya kwanza. Mzee Freeman kajitokeza tu, mama wa kwaya akapiga makofi: "Ala! Si huyu aliyekuwa Mungu?" Kumbe aliwahi kuitazama Bruce Almighty, ile ya mwaka 2003, Freeman anaigiza Mungu kavaa suti nyeupe. Mjumbe wa mtaa akakataa katakata. Huyu, alisema, ni Mandela, na yeye kamwona kwa macho yake. Naye hakukosea, maana mwaka 2009 mzee huyohuyo aliigiza Mandela katika Invictus. Ustadhi akauliza inakuwaje mtu ajifanye Mungu, astaghfirullah, halafu baadaye apewe nauli ya kwenda kumtafuta. Swali lina uzito, sikatai. Ila lilijadiliwa mpaka tukawa tumeshavuka Misri. Piramidi zile, na kuta zilizochorwa maandishi ya kumvusha farao baada ya kifo, maandishi ya zaidi ya miaka 4,000, mimi sikuambulia hata jiwe moja.

Halafu likaja suala la lugha. Filamu ni ya Kiingereza, na watu wa enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, hawawezi kutazama kitu bila mtu wa kukitafsiri kwa sauti. Kazi akapewa kijana wangu wa chuo. Masikini! Akisema "inaaminika kwamba", mama wa kwaya anamsahihisha: "Sema ni kweli." Akisema "ni kweli", Ustadhi anamwuliza: "Kwa ushahidi upi?" Baada ya muda kijana akawa anatafsiri majina ya miji tu.

Hapo ndipo nilipoanza kuwasoma wageni wangu badala ya filamu. Hakuna aliyekuja kujua mwenzake anaamini nini. Walikuja kukagua dini yao imepewa dakika ngapi, imesemewa na nani, na huyo msemaji kavaa nini. Zamu ya kwao ikifika, sebule nzima inaamriwa inyamaze. Zamu ya wengine ikifika, ndipo chai inakumbukwa, simu zinapigwa, na mtoto anaulizwa kama ameoga.

Tulipofika Yerusalemu, kwenye Kanisa la Kaburi Takatifu, mama wa kwaya akasogeza kiti mbele akaziba nusu ya televisheni. Nikaona nami nichangie elimu. Nikawaeleza kwamba kanisa lile limegawanywa baina ya madhehebu kadhaa ya Kikristo, wanagombana tangu enzi, na ufunguo wa mlango mkuu unatunzwa na familia ya Kiislamu kwa karne nyingi sasa. Ustadhi akatabasamu, akaweka kanzu sawa. Mama wa kwaya akasema: "Afadhali. Angepewa mzee wa usharika wetu, tungeshachangishwa kitasa kipya."

Nikaongeza kwamba juu ya mlango ule kuna ngazi ya mbao, imeegemea dirishani tangu karne ya 18, na haiondolewi kwa kuwa hakuna dhehebu linaloweza kuigusa bila mengine kuafiki. Nilidhani watacheka. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Na tangu hapo rimoti yangu ikawa ndiyo ngazi hiyo: iko mezani, kila mtu anaiona, na mwenye nyumba akinyoosha mkono anakoholewa.

Zamu ya Wahindu ilikuwa Varanasi, kando ya mto Ganges, maiti zinachomwa hadharani ili roho ipate kuepuka mzunguko wa kuzaliwa tena na tena. "Wanachoma?" Mjumbe alishtuka mpaka chai ikamwagika kwenye zulia langu. Jamani, mahekalu ya Wahindu yako pale Mtaa wa Kisutu tangu babu zetu. Tunayapita tukienda kununua vitambaa, tunaegesha pikipiki mbele yake. Hakuna aliyewahi kuuliza kitu, mpaka Mmarekani alipopanda ndege kwenda India. Na alipowaletea jibu, walikuwa wanatafuta kitambaa cha kufutia chai.

Babu mmoja wa Marangu alikuwa amenuna pembeni. Hatimaye akauliza: "Kibo mbona hakipo?" Wazee wake walimwomba Ruwa, Mungu wa Wachaga, huku wakiuelekea mlima huo kabla hajafika mmisionari yeyote, na sasa anaonyeshwa mito ya watu. Nikaona hoja yake ni nzito kuliko zote. Nikamtolea kitabu cha John Mbiti, Concepts of God in Africa, cha mwaka 1970. Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Kenya, alikusanya habari za Mungu kutoka karibu makabila 300 ya bara hili. Babu akapekua faharasa, akawatafuta Wachaga, akawakuta, akafunga kitabu. Hao wengine hakuwa na shida nao.

Umoja ulipatikana mara moja tu. Freeman alikuwa anazungumza na Bina48, roboti yenye sura ya mwanamke aliye hai, iliyojazwa kumbukumbu za mtu huyo kwa matumaini kwamba zitadumu baada ya mwili. Kijana wangu akateleza ulimi, akasema hiyo ndiyo ahera pekee anayoiona inawezekana. Mama wa kwaya, Ustadhi, Mjumbe na Babu wakamgeukia kwa pamoja. Walikamilishana sentensi. Huyu anaanza aya, yule anamalizia kwa methali. Filamu ilijiishia yenyewe, hakuna aliyejua, na waliondoka wakipeana mikono kwa furaha na kusema tupate vipindi kama hivi mara kwa mara.

Nikapitisha sheria: dini marufuku sebuleni. Waliporudi na viti vyao niliwawekea filamu ya viumbe wa bahari kuu. Nilijua nimewaweza. Samaki hana dhehebu, hana msemaji, hachangishi. Wakatulia, nikajimiminia kahawa. Kisha likapita jisamaki moja likiwa limeachama.

"Lile ndilo lililommeza Yona," akasema mama wa kwaya.

"Yunus, alayhi salaam," akasahihisha Ustadhi.

Babu akageuka, akawatazama kwa zamu. "Kwani walimezwa wangapi?"