Kupe Aliyekosea Sikio

Mashine ilizimwa katikati ya kichwa changu. Kinyozi wa Kawangware hazimi mashine hivi hivi. Stima ikiwepo, hata simu ya mkewe huipokea kwa bega huku ananyoa. Alikunja sikio langu la kushoto, akalikagua, akamwita mwenzake aje naye aone.

"Buda, siku hizi unavaa hereni?"

Haikuwa hereni. Alikuwa kupe, kijivu, amevimba kama punje ya maharagwe, ameshiba damu yangu na hana haraka ya kwenda popote.

Kikao kikaitishwa papo hapo, mwenye kichwa akiwa amenyolewa nusu. Jamaa aliyekuwa akingoja zamu alipendekeza mafuta ya taa. Wa pembeni yake akataka kiberiti. Mama wa mitumba aliyeingia kuchaji simu alitoa Vaseline mkobani, kisha akaniuliza kwa upole kama nyumbani ninalala na mbwa. Fundi viatu wa mlangoni, mzee aliyechunga mifugo Narok ujanani, aliingiza kichwa na kutoa hukumu: "Huyo ni wa ng'ombe. Hao hupenda masikio." Chumba kizima kikanitazama upya. Mtoto mmoja akalia "mooo", na mamake hakumkanya.

Mzee alikuwa na hoja. Kuna kupe wa kahawia, Rhipicephalus appendiculatus, ambaye akikomaa hutafuta sikio la ng'ombe kuliko mahali pengine popote. Na ng'ombe hawako mbali: machinjio ya Dagoretti ni jirani, na ukame wa 2017 uliwafikisha wafugaji na mifugo yao hadi kwenye nyasi za kando ya barabara za Nairobi. Mimi nami asubuhi hutoka Kibera kukimbia kando ya Msitu wa Ngong Road. Nyasi ni zile zile. Ila wenzangu huzila.

Kupe haruki wala hadondoki kutoka mtini kama tulivyoambiwa utotoni. Hupanda hadi ncha ya jani, akajishikilia kwa miguu ya nyuma, akanyoosha ile ya mbele hewani na kungoja. Kwenye miguu hiyo ya mbele ndiko iliko pua yake: hunasa joto la mwili, harufu, na hewa unayoitoa ukipumua. Daktari anakuhimiza ukimbie mpaka uheme. Kupe naye anaitikia amina. Akikupata haumi papo hapo. Hutembea, hukagua, huchagua penye ngozi laini. Hapo huchanja na kuingiza mdomo wenye miiba inayotazama nyuma, na aina nyingi humwaga gundi ya kujifungia. Mate yake huzuia damu kuganda na kukufanya usihisi kitu. Jike akishiba hujiachia, hutaga mayai kwa maelfu, kisha hufa. Sijui mpangaji mwingine Nairobi mwenye mpango kamili namna hiyo.

Ukimpaka mafuta ya taa au kumchoma, anaweza kutapika ndani ya jeraha. Kwa bahati msusi wa chumba cha pili alikuja na kibano cha nyusi, akamshika karibu kabisa na ngozi, akamvuta moja kwa moja bila kumsokota. Kupe akatoka mzima na mdomo wake. Watu wakapiga makofi. Kinyozi akanidai bei kamili.

Tangu siku hiyo, soksi nilizoanza kuvuta juu ya suruali ili kupe asipande zilinipatia jina jipya mtaani kwetu, Makina, kule Kibera.

Siku kadhaa baadaye nikashikwa na homa, na nyuma ya sikio kukatokea kigaga cheusi. Kwenye kliniki walinipima malaria: hakuna. Wakanipa dawa za malaria. Nikaonyesha sikio, aliyekuwa akiandika hakuinua macho. Ilibidi niende kwingine nipewe doksisaiklini, kidonge cha siku nyingi kisicho ghali, nikapona.

Hapa ndipo kicheko kinaponiisha. Ng'ombe akiumwa na kupe wa masikio huweza kupata ndigana kali, na watafiti wa Muguga, hapo tu nje ya Nairobi, walishamtafutia chanjo tangu miaka ya 1970. Hudungwa vimelea hai pamoja na antibiotiki, ndugu ya ile niliyohangaika kuipata, kisha hutiwa hereni sikioni ili ijulikane amekingwa. Ana josho, ana daktari wa mifugo, ana hereni. Mkazi wa Kibera mwenye homa ana malaria, hata kipimo kikikataa.

Ushauri wa wataalamu nimeusoma: vaa mikono mirefu, jikague mwili mzima ukirudi, na ukimbie katikati ya njia, mbali na majani. Katikati ya njia, Kibera, ni mali ya boda boda. Nimepima hatari zote mbili na nimeamua kubaki majanini. Kupe, kwa kawaida, hukupa saa kadhaa za kumtoa.