Kutoka Uluguru hadi Kameruni, Tabora Hamna

Mpwa wangu anafundisha baiolojia Morogoro. Amekuja likizo, na tangu ashuke treni sijanywa kahawa kwa amani kwenye kibaraza changu mwenyewe. Watu wazima tunajadili bei ya karanga, yeye anachomoa simu na kutupitishia picha ya kitu kirefu chenye pingili mwili mzima, bila hata mguu mmoja.

"Nyoka," akasema jirani yangu, mzee wa Kinyamwezi asiyependa kubishiwa.

"Hapana, babu. Ni sesilia. Amfibia huyu, ndugu yake chura."

Babu akanuna. Lakini hakuwa peke yake: hata Linnaeus, Mswidi aliyeipanga dunia nzima kwa majina, mwaka 1758 aliwatia viumbe hawa kundi la nyoka. Hadi 1811 ndipo Oppel, Mjerumani, alipowahamishia upande wa vyura.

Udugu na chura nimeukubali, haunipunguzii kitu. Kinachoniuma ni ramani ya ukoo wenyewe. Kati ya matawi yaliyoko Tanzania, mpwa wangu alitaja mawili. Moja ni Skolekomorfasi, wakazi wa Uluguru, Usambara na milima mingine ya mashariki mpaka Malawi. Hao wana kioja: jicho limeshikamana na kipapasio, kipapasio kikitoka, jicho nalo linatoka nje ya fuvu. (Mtaani kwetu wako watu wangelipia huduma hiyo.) Tawi la pili ni Bulengerula, wa Usambara na Uluguru pia, na Kenya wako milima ya Taita na hata Changamwe, Mombasa.

"Na ndugu zao wa karibu kabisa wako wapi?" nikauliza, kwa adabu tu.

"Kameruni, mjomba."

"Wa tawi lipi?"

"Yote mawili."

Hapo nikaweka kikombe chini. Kutoka Uluguru kwenda Kameruni unapita wapi? Enzi za misafara, ukitoka Bagamoyo unalipa hongo Ugogo, unapumzika Tabora, ndipo unashika ya Ujiji. Pembe zilipita hapa, shanga zilipita hapa. Burton na Speke walifika 1857. Hata maiti ya Livingstone ilibebwa ikapitia hapa kwenda pwani. Sesilia ndiye pekee aliyeturuka! Tena Bulengerula mmoja yuko Rwanda, hapo juu tu, eti sisi hatufai.

Mpwa wangu akaleta habari za misitu. Wataalamu wanaona kwamba zamani sana msitu wa mvua ulienea toka upande wa Kongo hadi huku mashariki. Hewa ilipokauka, msitu ukakatika, ukabaki vipande milimani panaponyesha. Sesilia anapumua kwa ngozi pia, anataka udongo mbichi. Sisi tukaachiwa miombo, na jua la Septemba linalopasua ardhi. Nyuki wanafurahi, nashukuru.

Nikakumbuka jambo moja alilolitaja juujuu, nikambana. Mwaka 1883 Boulenger, wa jumba la makumbusho London, alimwandika Skolekomorfasi wa kwanza, akampa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza kule Unguja. Alitoka wapi? Haikuandikwa sawasawa, ila kumbukumbu zinasema huenda ni maeneo ya Ziwa Tanganyika.

"Basi alipita njia yetu!" nikasema. "Ndani ya chupa, kichwani kwa mpagazi. Alilala Tabora huyo!"

Mwalimu akanikata maini: wenzake wa aina hiyo wanaonekana milima ya mashariki na Malawi, kwa hiyo anwani ile ina mashaka. Maeneo ya Ziwa Tanganyika! Mimi nilipoomba mkopo mdogo nilitakiwa kuchora ramani mpaka mwembe wa mlangoni.

Hata ukoo wenyewe hautulii. Bulengerula waliwekwa miaka mingi katika familia moja na sesilia wa Amerika, kisha mwaka 2011 wakaandikishwa familia nyingine pamoja na ndugu yao Herpele wa Kameruni. Hakuna kikao kilichoitwa, hakuna soda iliyofunguliwa.

Akaona tumechoka, akamalizia na wa Taita. Mwaka 2006 watafiti walieleza kwamba mama akishaangua, ngozi yake ya nje inavimba kwa mafuta, na watoto, waliozaliwa na vijino maalumu, wanamkwangua na kumla ngozi hiyo. Mama anatulia tuli. Wakishamaliza, ngozi inaota upya, wanarudi.

Mke wangu alikuwa akichambua mchicha, kimya muda wote.

"Wanaacha wakiwa na umri gani?" akauliza.

"Wakishakua, wanaondoka wenyewe," akajibu mpwa wangu, huku akivuta chapati kutoka sahani yangu.