F Siyo Fizikia

Tahasusi ni mkusanyiko wa masomo matatu makuu ambayo mwanafunzi wa Tanzania huyabeba kwa miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita, na ambayo ndiyo huamua mlango upi wa chuo kikuu utamfungukia na upi utabaki na kufuli. Kijiwe, kwa upande wake, ni mahali pa kivulini ambapo watu wasio na mtihani wowote mbele yao huamua tahasusi za watoto wa wenzao. Taasisi hizi mbili hukutana kila mwaka baada ya Baraza la Mitihani kutoa matokeo ya kidato cha nne, pale mfumo wa TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, unapofunguliwa ili mhitimu abadilishe machaguo aliyoyajaza kwenye Selform akiwa bado shuleni. Na kwa Kibaha mkutano huo huketi Maili Moja, kwenye benchi la muuza kahawa, jirani na maegesho ya bodaboda.

Wajumbe wa kudumu wa kijiwe hicho ni watano. Yupo Mzee wa Kahawa, ambaye ni mwenyekiti kwa sababu birika ni lake. Yupo Mwalimu Mstaafu, aliyefundisha Hisabati hadi akaanza kuwaogopesha wajukuu. Yupo Bodaboda, ambaye huchangia hoja huku akiangalia barabara. Yupo Mama Lishe, ambaye husikiliza akiwa ameipa kisogo hadhira na uso ameuelekeza kwenye sufuria. Na yupo Mjuaji, mtu asiye na kazi inayofahamika lakini mwenye mjomba katika kila wizara. Wa sita ni mjumbe mwalikwa, Mzee wa Mafenesi, mkulima wa Kisarawe ambaye huleta mzigo wake kupitia Kiluvya, na ambaye siku inayochambuliwa hapa alishusha tangazo kabla ya kushusha mafenesi.

"Binti anakwenda PCB," alisema, na kijiwe kizima kikasimamisha vikombe hewani.

PCB ni herufi za mwanzo za majina ya Kiingereza ya Fizikia, Kemia na Biolojia, lakini kijiweni haitafsiriwi kuwa masomo. Hutafsiriwa kuwa koti jeupe, Hospitali ya Tumbi, na mzee anayepishwa kwenye foleni kwa kuwa ni baba wa daktari. Heshima hiyo haizifikii tahasusi nyingine. Bodaboda, kwa mfano, aliishi miaka mingi akiamini kwamba CBA ni jina la benki tu, mpaka alipoelezwa kuwa pia ni Kemia, Biolojia na Kilimo, na hata baada ya kuelezwa aliuliza kama wanafunzi wake hukopeshwa.

Mwalimu Mstaafu aliomba ushahidi. Mzee wa Mafenesi akatoa mfukoni karatasi iliyochapwa steshenari, iliyokunjwa mara nne na kugandishwa na ulimbo wa fenesi, kiasi kwamba haikukunjuka mpaka Mama Lishe alipotoa tone la mafuta ya kula na kulipitisha kwenye mikunjo kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayemenya yai la moto. Matokeo yalipojitokeza yalikuwa yameng'aa kwa mafuta lakini yalisomeka: Kemia C, Biolojia C, Jiografia B, Fizikia F.

"Mzee mwenzangu," alisema Mwalimu, "hii F unaionaje?"

"Ni ya Fizikia, Mwalimu. Wamefupisha."

Ingekuwa rahisi kumcheka, na Mjuaji alifanya hivyo, lakini kosa hilo lina mantiki kuliko linavyoonekana. Elimu ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza na hulipiwa kwa Kiswahili, hivyo mzazi aliyesikia miaka minne kwamba mwanawe anasoma Fizikia hana sababu yoyote ya kuitafuta chini ya herufi P, na anapokuta F mbele ya somo linaloanza na F huona kwamba hatimaye serikali imeandika kitu anachokielewa.

Mwalimu alieleza, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba, kwamba katika kidato cha nne daraja A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5. Kwamba masomo matatu ya tahasusi yanatakiwa kuwa na jumla isiyozidi pointi 10. Na kwamba hata jumla ikitosha, somo lenye F halikubaliwi ndani ya tahasusi. Mzee wa Kahawa alijumlisha kwa vikombe, vitatu na vitatu na vitano, akapata kumi na kimoja.

"Kimezidi kimoja tu," Mjuaji alitoa hoja. "Mjomba yupo TAMISEMI, anaweza kukisukuma."

Bodaboda, aliyewahi kuwa utingo wa lori, alijibu kwamba mizani ya Vigwaza nayo huzidiwa kwa kimoja tu, na haijawahi kuuliza dereva ni mpwa wa nani.

Hapo mwenyekiti alitaka kujua kama binti hawezi kurisiti, yaani kuurudia mtihani wa Fizikia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Bodaboda aliunga mkono akisema kwamba hata Mamlaka ya Mapato husisitiza kila anayelipa adai risiti, na ilibidi muda mwingi wa kikao utumike kuzitenganisha risiti hizo mbili. Mama Lishe, bila kugeuka, aliuliza kuhusu vyuo vya kati, akajibiwa kwamba stashahada ya utabibu, ambayo mhitimu wa kidato cha nne anaweza kuiomba moja kwa moja, nayo hudai ufaulu katika Kemia, Biolojia na Fizikia, kwa hiyo F ile ile ingemsubiri binti na huko.

Mjadala ulipofika chuo kikuu ndipo hesabu zilipogeuka kichwa chini. Kwa mujibu wa Mwalimu, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inayojulikana kwa kifupi TCU, humpokea mhitimu wa kidato cha sita mwenye ufaulu mkuu, yaani daraja kati ya A na E, katika masomo mawili yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Lakini katika hesabu hiyo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Anayepata D mbili, kwa hiyo, ameugusa mlango, mwenye C na E ameugusa pia, na mwenye E mbili amebaki barazani.

"Subiri," alisema Mzee wa Kahawa, akiweka birika chini, jambo analolifanya kwa nadra. "Kidato cha nne pointi tano ni kufeli, na huko chuoni pointi tano ni kufaulu kupita wote?"

"Ndivyo."

"Basi nchi hii huhesabu kwenda na kurudi, kama daladala."

Hakuna aliyempinga, na ni vigumu kumpinga. Mwalimu aliongeza kwamba pointi 4 ni kizingiti cha nyumba nzima, ilhali kila chumba kina kizingiti chake, kwani kila kozi hutaja masomo inayoyataka katika mwongozo ambao TCU huutoa kila mwaka. Shahada ya udaktari wa binadamu hudai ufaulu mkuu katika Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu, kiasi kwamba mwanafunzi wa CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, hata akirudi na A tatu hawezi kuiomba, wakati kozi za kilimo za Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, zinaweza kumpokea. Ndiyo maana, kwa maoni ya Mwalimu, mwongozo huo ungefaa kusomwa kabla ya Selform kujazwa. Kwa kawaida husomwa miaka miwili baadaye, kwa kilio.

Katikati ya elimu hii kijiwe kilipotea njia, kama ilivyo desturi. Mzee wa Kahawa alijivunia Shule ya Sekondari Kibaha, iliyoanza mwaka 1965 ndani ya mradi wa nchi za Nordiki uliokabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970, na ambayo leo ni miongoni mwa shule za vipaji maalumu, maana yake shule zinazochukua wenye ufaulu wa juu. Mzee wa Mafenesi alijibu kwa Minaki ya Kisarawe, ambayo chimbuko lake ni chuo cha wamisionari wa Kianglikana kilichohama Kiungani, Zanzibar, mwaka 1925, akisisitiza kwamba Minaki ilikuwa ikifundisha wakati Maili Moja ikilala na fisi. Birika mbili zilikwisha kabla Mama Lishe hajawakumbusha kwamba Kibaha ni ya wavulana na kwamba anayetafutiwa shule ni msichana.

Mjuaji, akitaka kurejesha hadhi, alieleza kwamba tangu Machi 2024 serikali ilipotangaza tahasusi mpya 49 na kufanya jumla kuwa 65, zikiwamo za lugha, sanaa na michezo, hakuna mtoto anayeweza kukosa. Hilo la idadi ni kweli. Lakini mzazi ambaye herufi tatu zimemshinda hajasaidiwa sana kwa kuongezewa tahasusi 49, na Bodaboda, aliyekwisha kutangaza nia ya mwanawe kusomea mpira, aliulizwa na Mwalimu kozi ipi ya chuo humpokea mwenye tahasusi hiyo, akawasha pikipiki.

Binti mwenyewe alifika wakati fenesi la kwanza likipasuliwa. Alikuwa ametumwa kutafuta chenji, na aliwasalimu wazee wote kwa zamu kabla ya kusema kwamba suala hilo alikwisha kulimaliza siku tatu zilizopita, kwenye simu ya shangazi yake: alifuta PCB, akaweka CBG kuwa chaguo la kwanza, kwa kuwa tatu na tatu na mbili ni nane, na kwa kuwa anataka kusomea kilimo.

"Kilimo?" baba yake alishangaa, mikono ikiwa imejaa ulimbo mpaka kwenye viwiko. "Umekiona wapi?"

Binti hakujibu. Mwalimu alimpa mzee karatasi ajihakikishie mwenyewe, naye akaisogeza mbali na macho, akafuata kwa kidole mstari wa Jiografia mpaka mwisho, kisha akaurudia.

"Mwalimu," alisema, "mbona Biolojia wameiandika na huku?"