Mwongozo wa Kumpaka Kaizari Uso wa Kijapani, Same Mjini

Klabu ya sanaa inayotaka kuigiza Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Shakespeare, iliyotoka 1963 na kusahihishwa 1969, ina njia mbili za kupaka nyuso. Mwigizaji wa Kiingereza siku hizi hupakwa ili mtazamaji asigundue kuwa amepakwa. Wa kabuki, mchezo wa jadi wa jukwaani wa Japani, hupakwa ili aonekane hadi mstari wa mwisho. Nyie mnaigizia uwanjani, mchana kweupe, na nusu ya watazamaji wamejipanga juu ya ukuta wa shule. Fuateni Wajapani.

1. Laza nyusi. Wajapani hutumia nta laini iliyochanganywa na mafuta. Yeyusha nta ya nyuki na mafuta ya nazi kidogo, iache ipoe, kisha isugue viganjani na uipake hadi nyusi zitoweke. Jua la Same halina utani, kwa hiyo pakeni kivulini, tena kwa uchache. Wenzenu wa Chome, huko milimani kwenye ukungu, hawana shida hiyo.

2. Paka weupe usoni na shingoni. Tumia wanga wa muhogo uliokorogwa na maji, ukandamize kwa sponji. Jasi ya Makanya iacheni machimboni na chokaa iacheni ukutani. Zamani weupe wa kabuki ulikuwa na madini ya risasi, na waigizaji waliugua kwa sumu yake.

3. Chora mistari. Anayetajwa kuanzisha mtindo huu ni Ichikawa Danjuro wa Kwanza, mjini Edo (Tokyo ya leo), 1673. Mstari hufuata mfupa wa shavu na msuli wa paji. Ukishauchora kwa lipstiki, vuta ukingo mmoja kwa kidole hadi rangi ififie. Nyusi mpya zichore kwa wanja.

4. Toa hukumu kwa rangi. Nyekundu ni ya shujaa mwenye haki na hasira, buluu ni ya mwovu na mzimu. Cassius, mchochezi wa njama ya kumuua Kaizari, mpe buluu, na mzimu wa Kaizari pia. Brutus, rafiki aliyejiunga na wauaji, je? Shakespeare hakutoa jibu, lakini rangi inalidai. Itisheni kikao, mjadiliane hadi jioni ikibidi. Mkitoka hapo mtakuwa mmeuelewa mchezo kuliko darasa zima la fasihi.

5. Nafasi ya Calpurnia, mke wa Kaizari, apewe msichana. Kabuki ilianzishwa na mwanamke, Okuni, mjini Kyoto mwanzoni mwa karne ya 17, kisha mwaka 1629 wanawake wakafukuzwa jukwaani. Uingereza nako wavulana waliigiza wake za watu hadi 1660. Hilo msiige.

6. Ganda. Kaizari anapochomwa kisu, asimame kama sanamu, akodoe macho, na mwenzake apige vipande viwili vya mbao. Japani, hapo mashabiki hupaza sauti wakiita jina la ukoo wa kisanii wa mwigizaji. Same hamna haja ya kuwafundisha watu kupiga kelele, wala mama mzazi kupanda jukwaani kumtunza mwanawe. Mwacheni amtunze, ila asimguse shavu.

7. Chagueni miiko. Waingereza hawapigi mluzi nyuma ya jukwaa wala hawataji Macbeth, mchezo mwingine wa Shakespeare, ndani ya ukumbi. Mluzi ukatazeni, maana unavuruga. Kumtakia mwigizaji avunjike mguu, kama wafanyavyo wao kumwombea heri, msithubutu mbele ya bibi yake.

8. Kabla ya kunawa, kandamiza kitambaa cheupe usoni hadi uso wote uhamie humo. Wajapani huvitunza vitambaa hivyo kwa fahari. Kwenye chenu andikeni jina la mhusika na mwaka, mkitundike klabuni, ili watakaoigiza mwakani waione hukumu yenu juu ya Brutus na waipinge wakitaka. Kisha nta itoeni kwa mafuta kwanza, halafu sabuni. Maji matupu hayaiwezi.