Mwongozo kwa Mwenyeji wa Msangano Atakayetembelewa na Mtafiti wa Utambulisho

Atakuja kiangazi, kwa sababu masika barabara ya kuteremka bondeni huku haina simile na gari la kukodi. Kabla hajakufikia atakuwa amechukua kibali cha utafiti COSTECH, Dar es Salaam, akapita ofisi ya mkoa Vwawa, akapita wilayani Chitete, akaripoti kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Kote huko ameulizwa yeye ni nani na ametoka wapi, na kote amejibu kwa barua yenye muhuri. Mvumilie. Akishakalia kigoda chako ni zamu yako kuulizwa, nawe huna barua.

Usishtuke akikwambia kwamba unaishi pembezoni na kwamba utambulisho wako ni mseto. Si matusi, hivyo ndivyo wanavyoandika. Atataka kujua mpaka unakuumizaje moyo. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana Berlin kuhusu mstari wa kupita kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na Wanyamwanga wakajikuta huku na huku bila kuitwa kikaoni. Ukimjibu ukweli, kwamba shangazi yako yuko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na kinachokusumbua msiba ukitokea ni nauli, ataitikia kwa kichwa na kalamu haitagusa karatasi. Anatafuta jeraha. Kama una haraka na mpunga wako, mpe jeraha dogo aende zake.

Maswali yenyewe utayatambua: babu amezikwa wapi, mama ni wa ukoo gani, nyumbani mnazungumza lugha gani. Ni yaleyale ya afisa wa Uhamiaji unapofuatilia kitambulisho cha NIDA ukiwa mtu wa mpakani. Tahadhari, usichanganye majibu. Afisa hataki kusikia habari ya mseto hata kidogo.

Kwenye majina ndiko atakakopotea. Ataandika kwamba kaka anaitwa Simbeye na dada anaitwa Nambeye, baba mmoja mama mmoja, halafu ataanza kuuliza koo hizi mbili zilioana lini. Mwache achore mishale kwenye daftari mpaka ukurasa ujae. Hatuna burudani nyingi. Kisha mweleze taratibu kwamba ukoo ni mmoja, Si- ya wanaume, Na- ya wanawake. Atafurahi kupita kiasi, na kutokana na hilo itazaliwa sura nzima ya tasnifu kuhusu jinsia.

Kuhusu rangi, onya watoto mapema. Mtafiti Mmarekani Mweusi aliyesafiri kote huko kuja kuonana na ndugu zake hataki kupokelewa kwa kelele za "mzungu! mzungu!", na watoto wetu wanaweza kabisa kumpokea hivyo, wakiangalia viatu, begi na mwendo. Ataumia kweli, na maumivu yake yatachukua nafasi kubwa kitabuni kuliko mavuno yako. Aliyetoka Dar naye asijione mwenyeji. Huyo hupewa kiti cha mgeni kilekile, ila haandiki sura juu yake.

Mwaka 1988 Gayatri Spivak aliuliza katika makala maarufu kama mnyonge anaweza kusema. Huku tatizo si kusema. Utasema kuanzia asubuhi hadi mbuzi warudi, na simulizi tamu kuliko zote utaitoa baada ya kinasa sauti kuzimwa, wakati mgeni anafunga begi akisema asante sana mzee, tutawasiliana.

Sasa fomu ya ridhaa. Utasomewa kwamba jina lako litafichwa kwa usalama wako. Ukiwa umesimulia habari za magendo, shukuru na utie sahihi. Ukiwa umesimulia hadithi uliyoisuka mwenyewe, yenye vituo vyako na nyimbo zako, simama hapo. Anayenukuu Shaaban Robert hutaja Shaaban Robert. Anayenukuu bibi wa Msangano hutaja "jamii ya Wanyamwanga", kana kwamba kata nzima ilikaa ikafungua kinywa kimoja. Mwaka 1968, Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Kiafrika, pamoja na simulizi zake, iwekwe katikati. Fasihi simulizi iliingia darasani, ina somo na ina mtihani. Msimuliaji alibaki nje na jina la "mtoa habari".

Jirani zetu wa Mbozi wana la kutufundisha. Mwalimu Msaturwa Mwachitete alisimulia maisha yake. Elise Kootz-Kretschmer wa misheni ya Moraviani akayaweka kwa Kijerumani, yakageuzwa Kiingereza na kuchapwa London mwaka 1932 kama Ways I Have Trodden. Sauti ilipita mikono miwili, lakini jina lilifika. Kootz-Kretschmer huyohuyo alihifadhi habari za Bibi Narwimba, mwanamke wa ukanda huu aliyepitia utumwa, na mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright akazitoa tena na kuzichambua kwa uangalifu mkubwa. Bila mama hao wawili tusingemjua Narwimba, hilo nalikubali bila kinyongo. Ila jalada ni la Wright, na Narwimba yumo ndani, kama mpangaji.

Kwa hiyo ukiombwa hadithi, anza na jina lako, la baba yako na kijiji chako, ukilirudia katikati ya wimbo ili lisikatike kirahisi. Hakikisha amelipatia herufi zake. Sukari na sabuni pokea, ni heshima ya mgeni, wala si malipo ya hakimiliki. Na ukiahidiwa kwamba nakala itapatikana maktaba ya chuo, uliza palepale nauli ya kwenda na kurudi italipwa na nani, na kama mlinzi wa getini atamruhusu mzee asiye na kadi ya mwanafunzi.