Namna ya Kutoka Kibaha Hadi Kariakoo Jangwani Pakifungwa

Kwanza, shangaa. Hatua hii hairukwi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri wa masika kabla msimu haujaanza, na masika yenyewe huja kati ya Machi na Mei tangu enzi za mababu, lakini msafiri mwenye adabu haonyeshi kwamba alijua. Simama Maili Moja, Kibaha, bila mwavuli, tazama wingu, kisha sema kwa sauti: "Eh, mvua ya mwaka huu!" Wenzako kituoni watakuitikia.

Panda gari. Kutoka Kibaha hadi Kimara ni kilomita 19.2 za barabara pana ya njia nane, na dereva atazifurahia zote. Furahi naye. Njia nane hizo zitakufikisha upesi kabisa mahali ambapo barabara imefungwa.

Magomeni utamkuta trafiki amenyoosha mkono. Mto Msimbazi umerudi kukagua kiwanja chake pale Jangwani. Usiutukane mto, bonde ni la kwake, sisi ndio tuliojenga humo karakana ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria 2016, halafu tukashangaa (rejea hatua ya kwanza) maji yalipoingia. Mradi wa Bonde la Msimbazi una daraja jipya la kupita juu hapo Jangwani. Ukilikuta limekamilika, mwongozo huu fungia maandazi.

Sasa chepuka. Najua tulishaimbiwa na kampeni za afya kwamba tubaki njia kuu, lakini hapa njia kuu ndiyo iliyotuacha. Konda atapendekeza Kigogo. Abiria wa siti ya nyuma, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, atasema bora tungepitia Mandela, Tabata Matumbi. Mwenye simu atasema shemeji yake amepita Mbezi, Malamba Mawili hadi Kinyerezi. Wasikilize wote kwa heshima, kisha kumbuka jambo moja: Kigogo utavuka Msimbazi, Matumbi utavuka Msimbazi, Kinyerezi utavuka Msimbazi. Umebadilisha daraja tu. Mto ni uleule, na hasira ni zilezile.

Dawa ni kuuzunguka mto kichwani. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe. Kwa hiyo mtu wa Kibaha mwenye akili hashuki mjini kwa njia kuu: anakata kulia pale Kiluvya, anapenya hadi Kisarawe mjini, anashukia Pugu na Gongo la Mboto, anaingia Kariakoo kwa mlango wa nyuma. Kwenye ramani inapendeza mno.

Ardhini kuna udongo. Vilima vya Pugu vina kaolini, udongo mweupe wa mfinyanzi, na ukiiacha lami ukafuata njia za panya siku ya mvua, gari litateleza kama sabuni ya kipande. Vua viatu mapema, ukiwa bado unavipenda. Bei ya kusukumwa patana kabla hujakwama. Ukishazama hadi ekseli hupatani tena, unaomba. Vijana wa kusukuma, waliokaa chini ya mwembe, wanalijua shimo hilo kwa kina na upana. Usiwaulize kwa nini halifukiwi. Ni sawa na kumuuliza mchuuzi kwa nini watu wanasikia njaa.

Ukiwa umekwama hapo, jifariji na Wamarekani. Tarehe 28 Januari 2014, theluji ya sentimita 5 hivi iliangukia Atlanta, mji wa joto. Barabara kuu zikawa barafu, maelfu wakakwama, wengine wakalala ndani ya magari na watoto wakalala mashuleni. Dunia iliwacheka. Lakini wale wana kisingizio: barafu ni mgeni kwao. Sisi mgeni wetu anakuja kila mwaka, anatangazwa redioni, na bado tunamfungulia mlango tukiwa na taulo.

Ukifika Kariakoo utakuta maji ya Kisarawe yameshatangulia, na duka ulilolifuata limefungwa, mwenyewe anaishi Kibaha. Kwa hiyo ukiwa na shughuli isiyosubiri huko mwezi Aprili, ondoka Februari.