Karakana Isiyo na Mwizi

Mwizi hajawahi kuingia katika karakana yangu ya ngozi hapa Kiritiri. Aje kufanya nini? Chochote ambacho angekitamani kiko kwa majirani.

Nyundo iko kwa muuza makaa, ambaye huvunjia mapande yasiyotaka kuingia kwenye mkebe. Mkasi mkubwa uko kwa kinyozi. Sijathubutu kumuuliza anaufanyia nini. Kisu cha mviringo, kile kinachosukumwa mbele badala ya kuvutwa ili kikate ngozi nene bila kuyumba, kiko kwa mama wa chai upande wa pili wa barabara. Amegundua kwamba ukikilaza juu ya chapati na kukibingirisha mara mbili, unapata vipande vinne vilivyo sawasawa hata wateja hawagombani. Hajawahi kupata kisu kama hicho, anasema, na ananishukuru kila asubuhi. Wateja wake nao wanasema chapati za siku hizi zina ladha ya kiatu. Wahenga walituonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri makalio, lakini juu ya kisu cha kuazima walinyamaza, na nadhani ni kwa sababu wao ndio walikuwa nacho.

Msomaji wa mbali akisikia kwamba nashona matandiko huenda akawaza farasi. Huku Mbeere Kusini hatuna farasi. Tuna punda, na tuna sababu. Mto Tana umezibwa mara tano hapa jirani yetu: Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru na Masinga, na mwisho Kiambere mwaka 1988. Umeme wake unawasha taa hadi Nairobi. Maji ya kupikia ugali, kwa wengi wetu, bado huja kwa mgongo wa punda: mitungi minne ya lita 20, miwili kila ubavu. Hizo ni kilo 80 kabla mwenye punda hajakumbuka kwamba kuna pia gunia la ndengu la kupitishwa sokoni.

Tandiko la punda halishonwi kwa ajili ya makalio ya mtu. Kazi yake ni kuuzuia mzigo usilalie uti wa mgongo. Linakuwa na mito miwili iliyojazwa ikashiba, mmoja huku na mmoja kule, na katikati mfereji mtupu unaopita juu ya mifupa ili upepo uingie na pasichubuke. Punda wa mkokoteni naye ana mahitaji yake. Ng'ombe wetu wana nundu, kwa hiyo nira inapata pa kuegemea. Punda hana nundu. Mvishe nira ya ng'ombe uone itakavyomkaba na kumtoa vidonda. Yeye huvuta kwa kifua. Anataka mkanda wa kifuani wenye upana wa kiganja cha mtu mzima, ngozi nje na kitambaa laini ndani, na wala si kamba ya katani, ambayo humla nyama polepole.

Hayo yote mimi huwaeleza wateja. Hunisikiliza kwa heshima. Kisha huuliza bei. Kisha hunyamaza. Kisha huuliza kamba ya katani inauzwa duka gani.

Mzee mmoja kutoka upande wa Kiambere ndiye aliyekubali bila kubishana, akamleta punda wake kupimwa. Kipimo hukatwa kwanza kwenye boksi. Nikaliweka boksi mgongoni, nikachora kwa kipande cha kaa, nikakata, nikajaribisha, nikakata tena, hata likakaa barabara kwenye mabega yake. Nikaliegemeza ukutani, nikaingia ndani kuchagua ngozi. Kutoka, namkuta punda anamalizia pembe ya mwisho, macho yamemlegea kwa utamu. Mzee amesimama pale pale, mkono umeshika kamba, anamwangalia.

"Mzee wangu, mbona hukumzuia?"

"Fundi, si wewe uliyesema tandiko lazima limwingie? Nikaona limeingia."

Mbwa naye ana zamu yake. Ngozi iliyopakwa mafuta ya kondoo haianikwi juani, kwa maana jua la Kiritiri huikausha hadi ikapasuka ukiikunja. Inaning'inizwa kivulini. Sasa kivulini ndiko mbwa wa duka la vifaa vya ujenzi hulala kutwa. Hatamu nzima aliiazima siku moja ya soko, akaila kuanzia mahali penye mafuta mengi, akaniachia pete za chuma zikiwa safi kuliko zilivyotoka dukani. Nilipomlalamikia mwenye mbwa, aliniuliza kama ile ngozi ilikuwa na dawa yoyote, kwa sababu mbwa ameanza kukataa ugali.

Kuhusu sindano, niseme kidogo, maana watu huiona kazi hii kama kuziba tundu la kiatu. Mshono wa mkono una sindano mbili na uzi mmoja. Unatoboa kwanza kwa sindano ya mpini, kisha sindano moja inaingia kutoka kulia na nyingine kutoka kushoto, zote katika tundu lile lile, na unavuta pande zote mbili hadi uzi uzame. Ukikatika mahali pamoja, mishono mingine inashikilia. Cherehani uzi wake ukikatika, mshono hufumuka mkiwa njiani. Uzi hupakwa nta ya nyuki ili uteleze ukishonwa na usinywe maji baadaye. Nta si tatizo Mbeere, mizinga imejaa kwenye migunga. Tatizo ni kwamba kila mtu mjini anajua nta yangu iko kwenye kopo gani. Jumapili moja nilikuwa nimekaa nyumbani nimestarehe, mlango ukagongwa, na mbele yangu akasimama mwanakwaya mzima amejifunga leso juu ya gauni. Zipu ya mgongoni imekwama katikati, na zamu yao ya kuimba inakuja baada ya matangazo. Tulienda karakana, mwenzake aliyemsindikiza akaipaka nta, zipu ikapanda. Tangu hapo kanisa hilo hunipigia simu kabla ya kumpigia fundi wa nguo.

Kuna miaka ambayo mzaha ulipungua. Kuanzia 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa nchini, Mogotio, Naivasha na kwingineko, na ngozi zikawa zinapelekwa China kuchemshwa ili zitoe ejiao, ambayo huko ni dawa. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 Kenya nzima. Ile ya 2019 ikawakuta karibu milioni 1.2. Mtu alilala na punda akaamka na kamba. Wateja wakaanza kuniuliza kama naweza kushona hatamu yenye mahali pa kutia kufuli. Mmoja alitaka jina lake na nambari ya kitambulisho vichorwe kwenye tandiko. Ikabidi nimweleze kwamba mwizi huchukua ngozi ya punda, ile ya tandiko atakuachia. Februari 2020 Peter Munya, waziri wa kilimo wa wakati huo na mwana wa Meru, akapiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuukomesha barani kote. Katikati ya vuta nikuvute hiyo, kuna walionijia jioni na gunia lililofungwa, wakaniuliza kwa sauti ya chini kama nanunua "ile nyingine". Hao sikuwaazima hata sindano.

Kwa wengine wote, milango i wazi, na kifaa kinachotembea kuliko vyote ni koleo la kutobolea. Lina gurudumu lenye mirija sita, kuanzia tundu la kamba ya kiatu hadi tundu la mkanda wa punda, unazungusha, unabana, linalia "ta!", ngozi inatoa kiduara kidogo. Watoto hupenda vile viduara kiasi cha kutoboa chochote kilicho karibu. Watu wazima ndio hulitumia kwa siri. Karo ikishalipwa Januari, wanaume huanza kuingia karakana mmoja mmoja, mkono mmoja mfukoni umeshikilia suruali isishuke, wanazungumzia mvua. Huzungumzia mvua hadi wenzao watoke. Ndipo mkanda unapovuliwa. Tundu la Januari liko karibu na bizimu. La Desemba, baada ya mbuzi na harusi, liko karibu na ncha. Mkanda wenye matundu mengi upande wa bizimu nikiuona tu, najua mwenyewe ana watoto wangapi sekondari.

Na bodaboda? Hawa ndio wapanda farasi wetu. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, kila kijana aliyeweza kuuza mbuzi wa kutosha alinunua yake, na kiti cha pikipiki huchakaa kabla ya tairi. Kwa hiyo mimi mshona matandiko nikajikuta nashona viti: naondoa ngozi bandia iliyochanika, naongeza sponji, navalisha ngozi bandia mpya, napiga pini pembeni. Matakwa yao ni yale yale. Kiti kiwe kifupi machoni pa polisi na kirefu machoni pa abiria watatu.

Kijana mmoja aliniachia kiti asubuhi, akaambiwa arudi saa kumi. Saa tano akapigiwa simu na mwalimu aliyekuwa akichelewa mkutano Siakago. Pikipiki haina kiti. Kiti kiko mezani kimevuliwa, sponji nje. Mimi nilikuwa nimetoka kidogo kwenda kuomba nyundo yangu kwa muuza makaa, na wakati huo wa maombi, kijana akaona juu ya benchi tandiko la punda, jipya, mito miwili imeshiba. Akalifunga kwa mpira kwenye pikipiki, akamchukua mwalimu wake, akaondoka.

Tandiko hilo lilikuwa la cucu mmoja, yaani bibi mzee, ambaye alikuwa amelilipia kwa mafungu, kuku baada ya kuku. Na siku hiyo ndiyo alikuwa anakuja kulichukua. Alikuwa amefika kwenye kona na punda wake, mgongo mtupu, pikipiki ilipompita. Cucu hana macho mazuri ya kusoma, lakini mshono mwekundu aliouchagua mwenyewe aliuona. Kilio alichopiga kilitoa watu madukani. Niliporudi nikakuta mashahidi wasiopungua mtaa mzima, kila mmoja akieleza alivyomwona mwalimu amekalia tandiko la punda, na wengine wakiongeza kwamba lilimkaa.

Kijana alirudi mchana. Cucu alikuwa bado amekaa kwenye benchi, na shauri lake alikuwa amelipanga. Hakutaka kuombwa msamaha. Tandiko lake, alisema, limefanya kazi ya uchukuzi, limebeba abiria hadi Siakago na kurudi, kwa hiyo ana haki ya nauli. Kijana akajaribu kusema kurudi alirudi mtupu. Cucu akamwambia mwenye gari halipunguziwi kwa sababu dereva hakupata mtu. Watu wakapiga makofi. Nauli ikalipwa yote, kwenda na kurudi, na punda akavishwa tandiko linalonuka petroli, masikio yamelala nyuma kwa hasira.

Mwalimu ndiye aliyeniletea balaa jipya. Aliwaambia waendesha boda wa steji kwamba hajawahi kukalia kiti laini namna ile, na kwamba ule mfereji wa katikati ni hekima tupu kwa mtu mwenye mgongo mbaya. Sasa wameniletea oda za viti vyenye mfereji. Cucu amesikia, na amepita kuniuliza atapata asilimia ngapi.

Kazi hizo nimezipokea, ila zimesimama, kwa sababu viti hivyo vina mikanda ya kufungia chini na mikanda inataka matundu. Kwa hiyo nawaomba majirani: aliye na koleo langu la kutobolea alirudishe kabla ya Januari. Sitamuuliza alilichukua lini. Akija nalo, nitamtobolea mkanda wake bure, upande wowote atakaoutaka, na mvua tutaizungumzia kadiri apendavyo.